Asubuhi Niliyozima Mnara wa Kilimani

Vijana wa bohari ya Nakuru, siku mliponiaga mlinipa keki, saa ya ukutani na daftari. Keki tuliimaliza palepale. Saa nimeitundika. Daftari mlisema niandike mambo ambayo hayamo kwenye vitabu vya mafunzo: namna ya kujua betri inakufa kabla mita haijasema, namna ya kuhamisha nyuki kwenye kibanda cha mitambo bila kuchoma mitambo. Nitayaandika nikiweza. Lakini kila nikifungua ukurasa, linalokuja kwanza ni jambo moja ambalo sijawahi kulielewa, na nimechoka kukaa nalo peke yangu.

Vyeo sitaviandika. Wengi wenu mlinipita vyeo na bado mkanipigia simu kuuliza fyuzi iko wapi.

Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini na miwili, enzi za waya na nguzo. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Okumu, mtu mrefu kutoka kando ya ziwa kule Nyanza, aliyevaa kofia ya sufu hata jua la Januari likiwaka. Siku ya kwanza alinipeleka Njoro, akanifunga mkanda wa usalama kiunoni, akanivisha vyuma vya kupandia miguuni, akanionyesha nguzo.

"Panda."

"Nikifika juu nifanye nini?"

"Uogope. Ukimaliza kuogopa shuka, tuanze kazi."

Nilipanda, nikaogopa kama robo saa, nikashuka. Aliandika kwenye kitabu chake: Amepanda. Hakuongeza neno, na hiyo ndiyo barua ya pongezi pekee niliyowahi kuijali.

Kifaa alichokipenda kuliko vyote kilikuwa simu ya majaribio, mkono wa simu wenye vibanio viwili. Ukivibana kwenye waya unasikia kila kinachopita. Fundi mwenye tabia mbaya angeweza kujua siri za mji mzima bila kushuka nguzoni. Mzee Okumu alinipa sheria moja tu: "Ukisikia mkwaruzo, huo ni wako. Ukisikia jina la mtu, toa sikio."

Niliivunja sheria hiyo mwaka wangu wa pili, Elburgon, mvua ikinyesha. Kulikuwa na Kalasinga mmoja mwenye kiwanda cha mbao, sote tulimwita Bwana Singh, na laini yake ilikuwa inakatika kila saa. Nilipofika juu nilikuta waya umelika, umebaki kushikiliwa na uzi mmoja. Nikabana vibanio nisikilize mkwaruzo. Nikasikia sauti ya Bwana Singh akisoma kitu polepole, kwa lugha yao, kama mtu anayepita njia anayoijua gizani. Upande wa pili kulikuwa na pumzi za mama mzee, na mara mojamoja aliungana naye kwenye neno la mwisho. Sikuelewa neno hata moja, lakini nilijua ni sala, na nilijua yule mama anakufa.

Uzi ukakatika mkononi mwangu. Nikazishika ncha mbili kwa koleo, nikazibana pamoja, mkwaruzo ukatulia, sauti zikarudi. Ili niunge waya vizuri ilibidi niachie kwanza, na nikiachia, sala inakatika. Nikabaki nimeshika. Mvua iliingia kwenye kola ikatokea kwenye viatu. Mzee Okumu alikuwa chini akiita, "Umelala huko?" na mimi siwezi kujibu, nimeuma bisibisi kinywani. Walipomaliza, nikaunga, nikashuka, nikamweleza.

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Basi huo mzigo ni wako. Mimi sikusikia." Akanimiminia chai ya chupa yake, yote.

Jambo lililonisumbua tangu siku hiyo nililiona dogo, la kifundi. Sala ile ilipita kati ya vidole vyangu. Kwenye waya kulikuwa na umeme tu, nilikuwa naupima kila siku. Umeme wa sala na umeme wa mtu anayeagiza misumari haukuwa na tofauti yoyote kwenye mita yangu. Kwa hiyo sala yenyewe ilikuwa wapi? Nilimuuliza Mzee Okumu mara moja. Akasema niangalie nisije nikaanzisha kanisa.

Miaka ikaenda. Waya wa shaba ukaibwa, tukarudisha, ukaibwa tena. Huko Rongai watu walichukua nguzo wakajengea zizi, na siwezi kuwalaumu, zilikuwa mbao nzuri. Mzee Okumu alistaafu akarudi kwao, akafariki nikiwa kazini Olkaria. Nikaajiriwa na mkandarasi wa kutunza minara ya simu za mkononi, kuanzia Gilgil hadi Mau Summit. Nikajifunza jenereta, betri, na namna ya kumshawishi mlinzi asifuge kuku ndani ya kibanda cha mitambo. Kinyesi cha kuku hula nyaya, andikeni hilo.

Sasa niseme lile jambo.

Kati ya Elburgon na Molo kuna kilima chenye mawe makubwa juu. Wenyeji hukiita Kilimani tu. Kwa miaka mingi watu wa makanisa mbalimbali walipanda pale kufunga na kuomba. Hapakuwa na jengo. Kila mtu alikuwa na jiwe lake, kama watu wa mjini walivyo na meza yao hotelini. Na hapakuwa na mtandao, hata chembe, kwa hiyo kampuni ikataka mnara pale.

Nilihudhuria baraza la chifu kama mtu wa kueleza mambo ya ufundi. Wazee wa makanisa waliutaka mnara. Vijana walipiga makofi kabla sijamaliza sentensi. Mwanamke mmoja aliyesimama nyuma, anaitwa Nyambura, alipiga makofi kuliko wote, hata watu wakageuka kumtazama. Aliyepinga alikuwa mmoja tu, mama mkwe wake, Shosho Tabitha. Shosho ni nyanya, ndivyo tunavyowaita huku kwetu.

"Mnatuletea barabara ya maneno," Shosho alisema. "Sisi tunapanda huko kwa sababu maneno huchoka njiani. Yakifika juu hayana nguvu, ndio mtu anaweza kusikia."

"Kusikia nini, mathe?" kijana mmoja akauliza, wengine wakacheka.

"Ningekuwa najua kitu nitasikia, ningepanda kufanya nini?"

Chifu akamshukuru, na mnara ukajengwa.

Baadaye nilikuja kujua kilichowatenganisha hao wawili. Kariuki, mwana wa Shosho na mume wa Nyambura, alikuwa amepotea. Kazi yake kwenye mbao iliisha misitu ilipofungwa. Akaondoka kutafuta kazi ya utandiboi, msaidizi wa dereva, kwenye malori, akasema atapiga simu akipata. Hakupiga. Namba pekee aliyoijua kwa kichwa ilikuwa ya mama yake, na simu yenyewe, ndogo yenye tochi, Shosho alimwachia Nyambura, kwa sababu macho yake hayakuona vibonyezo. Kabla ya mnara, kila jioni Nyambura alitembea hadi barabarani, akaiinua simu juu kutafuta mtandao, akangoja, akarudi. Ndio sababu ya yale makofi. Shosho naye, kila Ijumaa, alipanda Kilimani kumwombea Kariuki kwenye jiwe lake.

Mnara ukawaka. Nilikuwa naenda pale kila mwezi, na niliona watu wakibadilika mbele ya macho yangu, ingawa siwezi kusema walibadilika wakawa nini. Walioomba kimya wakaanza kuomba kwa sauti, kwa sababu kulikuwa na mtu upande wa pili wa simu anayetaka kusikia. Mhubiri mmoja alifunga simu kwenye kijiti akawa anaangalia idadi ya watazamaji katikati ya maombi, na maombi yakapanda na kushuka pamoja na hiyo idadi. Niliudhika. Kisha siku moja nikamwona mama mmoja ameweka simu juu ya jiwe, kioo kikiangalia mbingu, na ndani yake binti yake aliyeko kazi ya nyumba huko Uarabuni analia na kusema amina, amejifungia stoo ya waajiri wake. Watu kumi walikuwa wamezunguka lile jiwe wameliwekea mikono. Sikuweza kuudhika tena. Nilibaki nimesimama na spana yangu, sijui niko upande gani. Na watu walikuwa wananiomba niwachajie simu kwa umeme wa mnara. Ni marufuku. Niliwachajia.

Shosho alinijia kwenye ua wa mnara Ijumaa moja, nikisafisha chujio la jenereta.

"Fundi, nikuulize. Hii kitu yako, maneno ya watu yanapita wapi?"

"Hewani, Shosho."

"Hewa gani? Hii yenye niko ndani?"

"Hiyo hiyo."

"Nikiwa nimepiga magoti pale kwa jiwe, yananipitia kando?"

Ningeweza kudanganya. Lakini niliulizwa swali la kifundi. "Yanakupitia katikati, Shosho. Hayaumi. Huwezi kuyasikia."

"Yote? Ya mapenzi, ya kugombana, ya kuuza viazi?"

"Yote."

"Basi ndio maana," akasema. "Zamani nikimwombea Kariuki kulikuwa na kitu kinajibu. Si sauti. Tangu mlete hii, ni kama kunena ndani ya soko. Na mimi sikuwa najua soko iko wapi. Iko ndani yangu."

Nikamweleza habari ya mawimbi, kwamba hata kabla ya mnara kulikuwa na redio, na mwanga wa jua wenyewe ni mawimbi. Alisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza akauliza, "Na ukizima?"

Nikakataa. Mwezi uliofuata akauliza tena, nikakataa tena. Lakini sikuwa nimetulia. Usiku sikulala vibaya, sitawadanganya, ila mchana nikiendesha gari nilijikuta najibizana naye.

Kisha ikaja karatasi ya kazi: kubadilisha betri za Kilimani, mnara uzimwe nusu saa, kuanzia saa tatu asubuhi. Siku niliyopangiwa ilikuwa Ijumaa. Sikuipanga mimi. Nilimkuta Shosho njiani anapanda na fimbo yake, nikampa lifti, nikamwambia, "Leo nitazima, Shosho. Omba haraka."

"Mtu haombi haraka, fundi."

Saa tatu nikazima. Saa tatu na dakika ishirini na tano betri mpya zilikuwa zimefungwa, nimekaza kila nati, kilichobaki ni kuinua swichi. Niliangalia kule kwenye mawe. Shosho alikuwa hajasogea. Nikasema moyoni, nusu saa haimtoshi mtu aliyengoja miaka mingi hivyo. Nikasema, nani atajua? Nikaweka kifuniko cha swichi chini, nikatoka nje, nikakaa juu ya jiwe.

Hiyo ndiyo habari ambayo nyinyi mnaisoma kwa mara ya kwanza. Ofisini niliandika kwamba betri moja ilikuja na hitilafu. Haikuwa na hitilafu.

Nilitegemea kimya. Kimya hakikuja. Kulikuwa na upepo, kengele za mbuzi chini bondeni, na masikioni mwangu mlio mwembamba ambao ama ni wa jenereta za miaka yote au ni wa damu yangu mwenyewe. Nilitoa simu kuangalia saa, ilhali nina saa mkononi. Nikaitoa tena. Nilijaribu kuomba, mimi ni mtu wa kanisa, benchi la nyuma, lakini kila sentensi niliyoanza ilitoka kama ujumbe mfupi: habari, natumai u mzima, naomba hili na lile. Nikaacha.

Saa sita kasoro robo Shosho alitoka kwenye mawe. Uso ulikuwa umelowa lakini hakuwa analia.

"Nimejibiwa."

"Nini, Shosho?"

"Kariuki ako hai."

"Umesikia sauti?"

"Nimekwambia si sauti. Ni kama umebeba gunia, halafu mtu anakuja nyuma analishika. Bado uko nalo, lakini si wewe peke yako."

Nikauliza, sijui kwa nini, "Ilikuwa saa ngapi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya maji. "Jua lilikuwa halijafika kwa mti ule."

Nikainua swichi. Taa zikawaka moja baada ya nyingine. Nikamshusha Shosho hadi kwake, na nilikuwa nimefurahi, kweli, kama siku nilipomaliza kuogopa.

Nyambura alikuwa mlangoni ameshika ile simu kwa mikono miwili.

"Meseji imeingia sasa hivi," akasema. "Network imerudi tu, ikaingia. Kuna mtu alipiga mara tatu, saa nne unusu. Nimepiga hiyo namba. Ni ya mtu wa hoteli Salgaa. Anasema alimpatia simu mtu mmoja mwembamba, akasema anapigia mama yake. Haikushika. Akamrudishia simu akaenda."

Shosho akakaa chini kwenye ngazi. "Si nimekwambia," akasema, lakini hakuwa anamwambia yeyote kati yetu.

Nyambura akanigeukia. "Fundi, network ilipotea asubuhi yote. Nini ilifanyika?"

"Ni matengenezo," nikasema.

Ilikuwa kweli na haikuwa kweli. Nikamwambia aingie kwenye gari, twende Salgaa.

Mtu wa hoteli alikuwa anaitwa Barasa, mpishi wa chapati, unga umefika hadi kwenye nyusi. Alikumbuka vizuri. "Alikuja na lori ya mabati, lakini hakuwa dereva. Akaniambia boss, nisaidie simu dakika moja. Alikuwa anajua namba kwa kichwa. Akapiga, akaambiwa mteja hapatikani. Akapiga tena. Mara ya tatu hakuweka hata sikioni, aliangalia tu kioo. Akasema, hata hiyo namba walishaiacha."

"Alisema hivyo?" Nyambura akauliza.

"Alisema hivyo. Nikamwambia network inasumbua, jaribu tena baadaye. Lori ikapiga honi, akapanda. Walielekea Eldoret."

Tulizunguka Salgaa yote hadi saa kumi, kwenye lojing'i, kwa watengeneza magurudumu, kwa akina mama wa chai. Hakuna aliyemjua kwa jina. Nyambura alimwachia Barasa namba, akamwachia na maneno: akipita tena, mwambie hatukuiacha.

Nilimwambia ukweli tukirudi, kwenye mwinuko wa Sachangwan, nyuma ya lori lililokuwa linapanda mwendo wa mtu mgonjwa. Nilimwambia mnara ulipaswa kurudi saa tatu na nusu, na mimi ndiye niliyeuacha, na kwa nini. Nilingoja apige kelele. Hakupiga.

"Mama hujua kuomba," akasema. "Kila mtu husema hivyo. Tabitha ni mtu wa maombi. Mimi hakuna mtu husema hivyo." Alikuwa bado ameshika simu. "Unajua mimi huomba aje? Nachaji hii kitu. Kila siku. Stima ikipotea naenda kwa jirani mwenye sola. Naweka kadi ya kukwangua hata kama hatujanunua sukari, ili laini isifungwe. Naenda nayo choo. Hiyo ndio maombi yangu, fundi. Na leo ilijibiwa, na wewe ulikuwa umekaa kwa jiwe."

Lori mbele yetu lilibadilisha gia, likaendelea kupanda.

Nilipomwambia Shosho, siku ya pili, nilidhani atajuta. Aliniuliza tu: "Saa nne unusu, jua liko wapi?"

"Halijafika kwenye ule mti," nikasema. "Lakini Shosho, elewa. Mnara ulikuwa umezimwa. Simu ya Kariuki haikufika Kilimani. Iliishia njiani. Hakuna kitu kilichofika."

"Wewe unajua ya mnara," akasema.

Nilizunguka na jibu hilo miezi mingi. Nikilichukua kama fundi, ni sadfa: mwanamke anaomba kila Ijumaa, mwanaume anapiga simu siku moja, na siku hiyo ni Ijumaa. Nikilichukua kama mtu wa benchi la nyuma, alisikia. Lakini kama alisikia, alisikia nini? Mwanawe akiita na kukosa? Na kama Mungu alitaka kumwambia Kariuki yu hai, kwa nini asimwache tu Nyambura apokee simu? Nilimuuliza mchungaji wangu bila kutaja majina. Akasema njia za Bwana hazichunguziki, halafu simu yake ikalia, akaomba radhi akatoka nje kuipokea.

Kariuki alirudi. Nawaambia sasa ili msisome mkiwa na wasiwasi. Ilipita zaidi ya mwaka. Alipita Salgaa tena na lori jingine, akaingia hoteli ileile kula, na Barasa akamtambua. Aliacha chapati zikiungua, akamshika mkono, akamwambia, "Mke wako alikuja hapa siku ileile. Na gari. Walikutafuta hadi jioni." Kariuki hakupiga simu. Alishuka kwenye lori na begi lake, akapanda gari la Molo, akafika nyumbani kwa miguu.

Niliitwa kunywa chai. Alikuwa mwembamba kama Barasa alivyosema, mpole, mtu wa kuangalia mikono yake. Tulipokaa nikamwomba msamaha mbele ya wote. Akatikisa kichwa.

"Mzee, siku ile nilitaka kusema niko salama tu, halafu nikate. Sikuwa narudi. Nilikuwa sina kitu, ningerudi na nini? Kilichonirudisha ni kusikia mlikuja kunitafuta. Kama simu ingeshika, hamngekuja."

Shosho akasema amina. Nikahisi kifua kinafunguka, kidogo.

Nyambura alikuwa anamimina chai. Hakuinua macho. "Ungesikia sauti yangu ungerudi," akasema. "Siku hiyo hiyo. Si mwaka mzima baadaye."

Alimimina vikombe vyote, akamaliza na changu, na kilikuwa kimejaa sawa na vingine, lakini alikiweka mezani badala ya kunipa mkononi.

Ndivyo ilivyobaki. Shosho bado hupanda. Alisema ameanza kuzoea, kwamba ukikaa sana sokoni unajifunza kuisikia sauti ya mtu wako. Kariuki hana simu, hataki. Nyambura anayo ileile, na bado anaichaji kila siku ingawa mtu aliyekuwa akimngoja yuko nyumbani. Nilimsikia akimwambia jirani kwamba mkono wake hauwezi kulala bila kufanya hivyo.

Minara sasa husimamiwa kutoka Nairobi. Mnajua wenyewe: ukigusa swichi kabla ya kibali, kengele inalia kwenye skrini ya mtu asiyewahi kukiona Kilimani. Ni utaratibu mzuri. Mtu kama mimi hapaswi kuwa na uwezo ule. Nasema hivyo kwa moyo wote, na siku nyingine naamka nikifikiri kwamba mtu mmoja, mahali fulani, anapaswa kuwa nao.

Mmeniuliza nafanya nini siku hizi. Nafuga ng'ombe wawili na naamka mapema kuliko nilivyoamka nikiwa kazini. Asubuhi, mke wangu akiwa zizini, huwa nakaa chumbani kujaribu kufanya kile nilichoshindwa pale kwenye jiwe. Simu naiacha jikoni ndani ya kabati, imezimwa. Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa hivyo, nimefumba macho, nimefika mahali ambapo sentensi zilikuwa zimeanza kuisha, na nikaihisi ikitetemeka kifuani, mfuko wa kushoto, mara mbili, waziwazi, kama inavyotetemeka mtu anapokupigia. Mkono ulifika mfukoni kabla yangu. Mfuko ulikuwa mtupu.

"Naam?" nikasema, kwa sauti, chumba kizima kikasikia.

Nilikaa pale muda mrefu, mkono uko kifuani, nikingoja kujua nilikuwa nimemjibu nani.